Sentimita 31 za Lami

Mezani kwangu kuna kipande cha lami kilichochorongwa barabarani. Ni cha mviringo kama kopo refu: kipenyo sentimita 10, urefu sentimita 31, uzito karibu kilo 6. Wageni hukiinua, hushtushwa na uzito wake, hukirudisha mahali pake. Wachache huuliza kilitoka wapi. Nami huwajibu kwa swali: mnadhani mchoro wa barabara hiyo ulitaka lami iwe nene kiasi gani?

Ulitaka sentimita 5.

Hizo 26 za ziada zina hadithi yake, na ndani ya hadithi hiyo mimi mwenyewe nilikosea mara moja, tena vibaya.

Niliitwa kuchunguza "ubora wa lami" katika barabara moja ya mjini yenye njia mbili kila upande. Ilikuwa na mabonde mawili, yakiachana kwa mita 70 hivi. Mara kwa mara yalijazwa lami, yakawa sawa, halafu yakarudi. Barua ya kunipa kazi ilikuwa imeshatoa hukumu kabla sijavaa buti: lami ni mbovu, malori ni mazito. Kwa jinsi nilivyoisoma, kilichobaki kwangu ni kutia sahihi.

Kazi ya kwanza haihitaji mashine yoyote. Inahitaji mvua. Mvua ikikatika, chukua chaki, nenda ukachore ukingo wa kila dimbwi. Subiri nusu saa, dimbwi likinywea kidogo, chora tena. Ukirudia mara nne au tano, maji yenyewe yamekuchorea ramani ya bonde, mstari ndani ya mstari, na utajua kina kikubwa kiko wapi kabla mpimaji hajafungua sanduku lake. Nimewahi kuchekwa kwa kuchutama barabarani na chaki kama mtoto. Sijali. Rula ya chuma ya mita 3 na kabari hutoa namba nzuri, lakini rula huona mita 3 tu, na bonde pana hupita chini yake bila kuonekana.

Ndipo anakuja mpimaji na darubini yake. Hapa kuna mtego ambao uliniumbua miaka yangu ya mwanzo kazini. Kila kipimo cha usawa kinahitaji alama ambayo haitembei. Wakati ule nilichagua mfuniko wa chemba ya maji taka, maana ulikuwa karibu na ulionekana imara. Baada ya miezi mitatu vipimo vyangu vikaonyesha kwamba barabara imepanda milimita 4. Nikaandika ripoti nzima kuhusu udongo unaovimba. Barabara haikuwa imepanda hata kidogo. Chemba ndiyo iliyokuwa inazama. Tangu siku hiyo alama yangu naiweka kwenye jengo lenye msingi mrefu, mbali na eneo la kazi, na naweka mbili ili zichungane.

Safari hii vipimo vilitoka safi. Bonde la kwanza lilikuwa dogo: urefu mita 6, upana mita 3, kina chake kikubwa sentimita 11. Pembeni mwake kulikuwa na nyufa za nusu duara, moja nyuma ya nyingine, kama kingo za kikapu. La pili lilikuwa kitu kingine kabisa. Lilikuwa na urefu wa mita 40, upana wa barabara nzima, kina sentimita 9, na pembezoni mwake hamkuwa na ufa hata mmoja. Ukiwa ndani ya gari unalihisi tumboni kabla hujaliona. Mawe ya ukingo wa barabara yalikuwa yameshuka pamoja nalo, kwa mpindo laini, na ukuta wa kiwanja cha jirani ulikuwa na ufa mmoja wa mshazari.

Tofauti hiyo ya mawe ya ukingo ingetosha kunitahadharisha. Pale bonde la kwanza lilipokuwa, mawe yalikaa sawa kabisa. Kilichozama ni ukanda mwembamba tu, nao ulifuata mstari wa bomba la maji taka lililopita chini ya barabara. Pale la pili, mtaa mzima ulikuwa unashuka.

Ila kwanza ilibidi nimalizane na malori, maana kila mtu aliyapenda kama jibu. Njia ya nje, ambayo malori huitumia, ilikuwa imejaa nyufa za ngozi ya mamba: zile nyufa ndogo zinazoshikana na kutengeneza magamba. Hizo kweli ni kazi ya magurudumu. Lami hupinda kidogo kila ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu, inapopita, na ikipinda mara nyingi inachoka. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walijenga vitanzi vya barabara karibu na mji wa Ottawa, Illinois, wanajeshi wakaendesha malori juu yake, duru baada ya duru, zaidi ya mapito milioni moja ya ekseli. Walichopata bado kinatutawala: ukiongeza uzito wa ekseli maradufu, uharibifu hauwi mara 2, unakaribia mara 16. Kwa hesabu hiyo, ekseli moja ya tani 10 inaumiza barabara sawa na ekseli 10,000 za tani moja. Dereva wa gari dogo anayelaumiwa kwa kuchakaza barabara anaonewa.

Sawa. Lakini malori yale hayakuruka kutoka bonde hadi bonde. Yalipita barabara yote, kutoka mwanzo hadi mwisho, na ngozi ya mamba ilikuwa barabara yote. Mabonde yalikuwa mawili tu. Kitu kilicho kila mahali hakiwezi kueleza jambo lililo mahali pawili.

Ardhi hutitia kwa njia tatu, na anayezichanganya hutibu ugonjwa usiokuwepo. Udongo unaweza kubanwa: upo wote, haujapungua hata chembe, ila maji yaliyokuwa katikati ya chembe yamekamuliwa nje, kwa hiyo unakaa katika nafasi ndogo zaidi. Unaweza kujipanga upya: ulimwagwa ovyo, ukabaki na nafasi nafasi, sasa unatikisika na kutulia kama unga ndani ya debe. Au unaweza kuhama. Katika njia hizo mbili za kwanza barabara inashuka na kuishia mahali fulani. Katika hii ya tatu haina pa kuishia, maana chini yake kuna kitu kinachoondoka.

Kwa bonde la kwanza nilichagua njia ya pili, haraka mno. Handaki la bomba, kifusi cha kurudishia, watu waliokuwa na haraka ya kufungua barabara: nimeliona hilo mara nyingi hata sikutaka kulifikiria. Tangu mwaka 1933, Ralph Proctor, mhandisi aliyekuwa akijenga mabwawa huko California, alionyesha kwamba udongo una kiasi chake cha maji cha kushindiliwa. Ukiwa mkavu mno, madonge yanagoma kuvunjika. Ukiwa na maji mengi mno, maji yanakalia nafasi ambayo chembe zingeingia. Katikati ya hapo pana unyevu ambao pigo lilelile la nyundo linakupa udongo mzito kuliko wote. Handaki jembamba halipendi somo hilo. Rola kubwa haiingii, mashine ndogo ya kuruka inashindilia vizuri tabaka la sentimita 15, na kijana aliyechoka anamwaga sentimita 60 kwa mkupuo mmoja. Juu panakuwa pagumu, chini pamelala ovyo, na mpimaji hupima juu.

Tulipiga penetromita. Ni chombo cha kikale na mimi nakipenda kuliko vyote: fimbo ya chuma yenye ncha, nyundo ya kilo 8 inayoangushwa kutoka sentimita 57.5, na rula. Unahesabu mapigo na kusoma fimbo imezama milimita ngapi. Fundi sanifu niliyekuwa naye, mtu wa miaka zaidi ya 30 katika kazi hii, ambaye sote tunamwita Mzee, alishika nyundo mwenyewe. Nje ya handaki fimbo ilizama milimita 9 kwa pigo, 8, 9, 10. Ndani ya handaki ilianza na 14, ikafika 18. Tukaongeza fimbo. Ilipofika mita 1.4 Mzee aliangusha nyundo mara mbili na fimbo ikashuka sentimita 22.

Akaniangalia. Mimi nikaandika: kifusi hakikushindiliwa.

Jioni ile nikaandaa rasimu ya ripoti, nikampa asome. Aliisoma taratibu, akavua miwani.

"Injinia, bomba hili lina miaka mingapi?"

"Kumi na minne, Mzee."

"Na bonde lilianza lini?"

Nikafungua kumbukumbu za matengenezo. Lilianza mwaka wa kumi na moja.

"Sasa kama hakikushindiliwa," akasema, "kilikuwa kinasubiri nini miaka yote hiyo?"

Nilijaribu kujibu, nikakosa. Kifusi kilichomwagwa ovyo hutulia mapema. Misimu michache ya mvua ya mwanzo humaliza sehemu kubwa ya kazi, na kila mwaka kushuka kunapungua. Bonde letu lilinyamaza miaka kumi, likaamka, na kila msimu wa mvua likazidi kasi. Hiyo si tabia ya kitu kinachotulia. Nilichana rasimu, na nakiri nilikasirika kidogo, si kwa Mzee.

Kama udongo ulikuwa unahama, swali lilikuwa moja: umeenda wapi? Udongo hauyeyuki. Karibu mita moja ya ujazo ilikuwa imetoweka chini ya njia ya magari, nami nilipiga hesabu hiyo kwa urahisi: mita 6 kwa 3 kwa wastani wa sentimita 5. Hiyo ni tani 1.5 hivi au zaidi. Mzigo wa namna hiyo lazima uwe mahali fulani.

Mtuhumiwa wa kwanza katika kila mji ni bomba la maji taka. Kiungo kikifunguka, maji ya ardhini yanaingia bombani yakiwa yamebeba mchanga, maji taka yanausomba, na juu yake pango linakua. Mwezi Januari 2025 huko Yashio, Japani, barabara ilifunguka ghafla juu ya bomba la maji taka lenye kipenyo cha karibu mita 4.75 na kumeza lori pamoja na dereva wake, ambaye hakuokolewa. Wakazi wapatao milioni 1.2 wa eneo lile waliombwa wapunguze matumizi ya maji. Nilikuwa na picha hizo kichwani tulipoingiza kamera bombani. Tuliangalia kiungo kimoja baada ya kingine, mita 45, na vyote vilikuwa vizima. Tukafungua chemba ya chini, tukakwangua sakafu yake kwa mwiko. Hamkuwa na mchanga. Waliolijenga bomba walikuwa wamekuja kushuhudia, na sijawahi kuona watu wakifurahia picha za maji taka kiasi kile.

Rada nayo ilikuja, kitoroli kama cha kukatia nyasi kinachotuma mawimbi ardhini. Picha zake zinavutia na zina hatari yake, maana mteja akiziona hudhani tumeona chini. Rada huona mipaka: mahali ambapo mawimbi yanatoka katika kitu kimoja kuingia kingine. Ikikuta hewa chini ya udongo wenye unyevu, inarudisha mwangwi mkubwa, na pale juu ya bomba ilirudisha. Kwenye bonde la pili haikuona chochote chini ya sentimita 60, kwa sababu udongo wenye mfinyanzi, ule udongo mnato wa vyungu, ukilowa humeza mawimbi hayo. Rada inakuonyesha pa kuchimba. Kuchimba kwenyewe hakuna kinachokusamehe.

Tulichimba usiku, njia moja imefungwa. Mita ya kwanza kwa mkono, kwa ajili ya nyaya na mabomba madogo ambayo hayapo kwenye ramani yoyote. Kuta tuliziegemeza mbao na jeki kabla mtu hajashuka. Mita moja ya ujazo wa udongo ina uzito wa gari dogo na zaidi, na ukuta wa shimo hauna tabia ya kupiga kelele kabla ya kuanguka. Nimewahi kumwondoa kazini papo hapo mtu aliyeruka ndani ya shimo lisiloegemezwa kuchukua tepu yake.

Kwenye mita 1.4 koleo likapenya. Palikuwa na pango tambarare, kimo cha kiganja na kidole, likienea kwa upana wa handaki. Juu yake kulikuwa na dari ya udongo uliojishika wenyewe kwa umbo la tao, na juu ya dari hiyo, magari. Hili ndilo linaloogopesha katika mapango ya barabarani. Lami ngumu na tabaka la kokoto hubeba mzigo kama ubao juu ya mtaro. Juu unaona sentimita chache za bonde, chini dari inamomonyoka kidogo kidogo na pango linapanda, mpaka siku moja ya joto lami imelainika na lori limesimama mahali pasipofaa. Sisi tulibahatika kwamba dari yetu ilipinda mapema na kutupa ishara. Wengine hawapati. Tarehe 8 Novemba 2016 huko Fukuoka, Japani, juu ya ujenzi wa njia ya treni ya chini ya ardhi, barabara ya mjini ilizama ikaacha shimo la upana wa mita 30 hivi na kina cha mita 15. Dunia ilishangaa ilipofunguliwa tena baada ya wiki moja. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba mwisho wa mwezi uleule ilishuka tena kama sentimita 7, maana nyenzo iliyojaziwa nayo ilikuwa bado inatulia.

Chini ya pango letu kulikuwa na tandiko la kokoto lililozunguka bomba. Mzee alishuka na tochi, akachota kokoto za juu mkononi. Zilikuwa zimeshikana kwa tope laini la kijivu, kama karanga ndani ya sukari guru. Akachimba mbele kidogo, upande wa mteremko, akachota nyingine. Hivyohivyo. Akapanda ngazi, akaniwekea donge lile kiganjani, hakusema neno.

Udongo ulikuwa humo. Ulikuwa umejificha katikati ya kokoto.

Kokoto za saizi moja, milimita 20, zina nafasi tupu karibu asilimia 40 ya ujazo wake. Tandiko lile lilikuwa na upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 70. Ukitoa bomba, kila mita ya urefu ilikuwa na nafasi ya kumeza robo ya mita ya ujazo. Mita 4 za handaki zilitosha kuficha udongo wote niliokuwa nautafuta, na handaki lilikuwa na mita 45. Bomba zima kabisa, chemba safi kabisa, na bado ardhi inaliwa. Kuna kanuni ya kuzuia hili. Chembe ndogo ndogo za kokoto zinazochuja, zile ambazo asilimia 15 tu ya uzito ni ndogo kuliko zenyewe, zisizidi mara 4 au 5 ya ukubwa wa chembe kubwa za udongo unaozuiwa. La sivyo, mchanga laini unapita katikati kama dagaa katika wavu wa papa. Siku hizi mtu anaweza tu kutandika kitambaa cha kuchujia kati ya viwili hivyo. Pale hapakuwa na kitambaa, na mchoro haukukitaka.

Kilichobaki kilikuwa maji, maana mchanga hautembei bila kubebwa. Kwa nini miaka kumi ya kimya? Mita 12 juu ya mteremko palikuwa na tundu la maji ya mvua kando ya barabara. Tulimimina rangi ya kijani ndani yake pamoja na mapipa mawili ya maji. Baada ya dakika 9 kokoto za shimo letu zikaanza kutoa jasho la kijani. Kiungo cha tundu lile kilikuwa kimepasuka, huenda gurudumu lilipanda juu yake, na tangu hapo kila mvua iliingia kwenye tandiko na kuteremka nalo kama mtoni.

Nimekaa sana kwenye bonde la kwanza kwa sababu ndilo lililonifedhehesha. Kipande cha lami mezani kwangu kilitoka kwenye la pili.

Pale tulichoronga lami mahali saba kufuata urefu wa bonde. Mwanzoni na mwishoni mwake, ambako barabara haikushuka, tulipata sentimita 11: ile 5 ya awali, na 6 za tabaka lililotandikwa barabara nzima wakati fulani. Katikati tulipata 31. Ukikiangalia kipande kwa makini unaona mistari minne ya gundi nyeusi inayotenganisha matabaka matano: 5, 6, 5, 8, 7. Mtu alikuja akajaza. Ikashuka. Akaja mwingine akajaza zaidi. Hakuna ripoti iliyohifadhiwa kuhusu barabara ile iliyokuwa sahihi kama kipande hiki. Sentimita 20 zaidi ya kwingine, ukijumlisha na bonde la sasa la sentimita 9, ni sentimita 29 ambazo ardhi ilishuka tangu barabara ifunguliwe.

Mashine ya kuchoronga ikateremka hadi mita 9. Mita 2 za kifusi, kisha mita 6 za mfinyanzi laini wa kijivu wenye vipande vya mizizi, kisha mchanga mgumu. Picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani ilionyesha mstari wa miti ukikatiza pale hasa. Kulikuwa na kijito. Watu walikijaza, wakapandisha barabara juu yake, na mji ukasahau.

Kwa nini mfinyanzi huchukua miaka kushuka, mtu wa kwanza kulieleza kwa hesabu alikuwa Karl Terzaghi, ambaye alianza majaribio yake huko Istanbul kwa vifaa vya kuokoteza na kuchapisha matokeo mwaka 1925. Ukiweka mzigo juu ya mfinyanzi uliojaa maji, siku ya kwanza mzigo haubebwi na chembe za udongo. Unabebwa na maji. Maji yanatafuta pa kutokea, yanatoka polepole sana, na kadiri yanavyotoka ndivyo chembe zinavyopokea mzigo na kubanana. Tabaka likiwa nene maradufu, muda unakuwa mara 4. Maabara tuliweka kipande cha mfinyanzi, kinene kama kidole gumba, ndani ya pete ya chuma, tukakibebesha mzigo na kusubiri saa 24 kwa kila hatua. Ukitaka kumjua mwanafunzi mwenye subira, mpe kazi hiyo.

Kila mzigo mpya huanzisha saa upya. Mita 2 za kifusi zilibebesha mfinyanzi kama tani 3.8 kwa kila mita ya mraba, na hiyo ilikuwa sababu kuu. Lakini lami ina uzito wa tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Sentimita 26 za ziada ni zaidi ya kilo 620 kwa mita ya mraba, sehemu ya sita ya mzigo wote wa kifusi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Pale tuliziba mara nne, na kila tulipoziba tulikuwa tunaongeza kilichokuwa kinashusha.

Bonde la kwanza lilitengenezwa ndani ya wiki mbili: kiungo kipya cha tundu, mita 15 za handaki kufunguliwa, kitambaa, na kifusi kilichorudishwa sentimita 15 kwa sentimita 15 huku Mzee akisimama juu ya kichwa cha kila mmoja. La pili nilipendekeza kifusi cha juu kiondolewe na kuwekwa matofali makubwa ya povu la plastiki, yenye uzito wa kilo 20 hivi kwa mita ya ujazo. Wanorwe walijenga barabara ya namna hiyo karibu na Oslo tangu 1972. Pendekezo lilionekana la ajabu mno. Tulikubaliana jambo la katikati: lami ikwanguliwe hadi zibaki sentimita 12, bonde liachwe kama bonde, lilainishwe kingo, liwekewe mfereji mahali pa chini kabisa ili maji yasisimame, na lipigwe misumari ya shaba 14 ya kupimia. Tukapunguza zaidi ya kilo 450 kwa mita ya mraba.

Miezi mitatu ya kwanza msumari wa katikati ulishuka milimita 2. Mitatu iliyofuata, 1. Kisha darubini ikawa haioni tofauti, na nikaanza kwenda kila nusu mwaka.

Mara ya mwisho nilienda alfajiri, kabla magari hayajawa mengi. Nilikuta lori la lami ya moto, rola ndogo na vijana watano. Msimamizi wao alinionyesha karatasi ya kazi kwa heshima zote. Iliandikwa mstari mmoja: kujaza bonde.

Misumari miwili ilikuwa imeshafunikwa. Nilimwomba azime rola kwa dakika kumi, nikarudi kwenye gari kuchukua patasi na kipande cha lami, ambacho kwa bahati siku ile nilikuwa nimekibeba.